Barua ya wazi kwa Meneja wa Simu wa Mkoa: kompyuta yangu haina virusi, kasha lenu lina sisimizi

Chumbageni, Tanga
26 Aprili 2005

Ndugu Meneja,

Salaam. Nimekwisha kukuletea barua mbili za kawaida. Zote zilipigwa muhuri pale kaunta na safari yake ikaishia hapo. Hii ya tatu naiacha wazi ili waisome na wenzangu ambao kila jioni wanaisikiliza modemu, kile kifaa kinachoipeleka kompyuta kwenye intaneti kwa kupiga simu, ikilia kama paka aliyebanwa na mlango, halafu kimya.

Shida yangu ni moja: laini yangu haishiki intaneti. Inaunganisha vizuri, inakaa dakika nne au tano, siku ya bahati tisa, kisha inakatika. Mafundi wenu wamekuja mara tatu. Wa kwanza aliinua simu, akasikia mlio, akasema, "Mwalimu, laini nzima hii." Wa pili hakuigusa simu kabisa, aliitazama kompyuta akaniambia ina virusi. Wa tatu, kijana mwenye adabu zake, aliniamkia, akanywa maji, akaichomoa modemu, akaipuliza vumbi na kuirudisha. Wote walikuja saa nne asubuhi, jua linawaka.

Nimefundisha fizikia miaka 31, basi univumilie nikirefusha maneno. Sikutaka kumnyooshea mtu kidole kabla ya kujikagua mwenyewe.

Nilianzia ndani. Nilichomoa simu zote mbili za nyumbani, nikaichomeka modemu kwenye soketi ya kwanza, pale waya wenu unapoingia ukutani. Waya wangu wa zamani ulipita chini ya zulia na mguu wa kiti ulikuwa umeukalia siku zote hizo. Hilo kosa ni langu, nakiri. Nikanunua mpya, mfupi, nikapata nafuu ya kama dakika mbili. Nikazima pia ile huduma ya kukupigia mlio sikioni mtu mwingine anapokutafuta ukiwa kwenye maongezi, kwa sababu mlio ule ukiingia katikati ya mazungumzo ya modemu mbili, moja inaweza kudhani mwenzake ameondoka na kukata. Haikusaidia.

Kompyuta yangu ni ya Windows 98, nayo ukiiagiza huandika kwenye faili kila jambo modemu inalofanya. Nilizisoma kumbukumbu hizo kama nilivyokuwa nasoma madaftari ya wanafunzi. Kama ingekuwa inaleta kosa namba 680, ningejua hakuna mlio wa simu. Ingekuwa 678, upande wa pili haujajibu. Ingekuwa 691, jina au neno la siri limekataliwa, na ningenyamaza nikatafute miwani. Sipati hata moja kati ya hayo. Ninachopata ni unganisho la mwendo wa biti 44000 kwa sekunde asubuhi kukiwa kukavu, na 21600 usiku mvua ikinyesha, kisha taa iliyoandikwa CD usoni mwa modemu inazimika. Taa hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba modemu bado inamsikia mwenzake. Ikizimika yenyewe katikati ya kazi, sauti imepotea njiani.

Nikawapigia wauza intaneti, wakasema tatizo ni laini. Nikaja kwenu, mkasema tatizo ni wauza intaneti. Mpira ukapigwa wiki tatu. Mwishowe nikanunua kadi ya kampuni nyingine ya intaneti, nikapiga namba yao: dakika tano, chali. Ndipo nikaipakia kompyuta kwenye guta, pamoja na skrini na modemu, nikaisindikiza kwa miguu hadi kwa rafiki yangu Ngamiani huku nimeishika kwa mikono miwili kama mgonjwa. Tukaichomeka kwenye laini yake. Ilikaa saa mbili na dakika kumi, tukaikata wenyewe kwa sababu chakula kilikuwa tayari. Kompyuta ile ile, modemu ile ile, hao hao wanaosemwa kuwa ni virusi nao walikuwamo.

Sasa njoo kwenye laini yenyewe. Ukiinua simu na kubonyeza namba moja tu, mlio unanyamaza na unabaki na sekunde kadhaa za kuisikiliza laini ikiwa tupu. Nzima hutulia. Yangu, baada ya mvua, inachemka kama mafuta ya vitumbua. Nikaileta mita yangu ya shule ya kupimia umeme. Siku kavu, simu ikiwa imewekwa chini, nilipata volti 49, karibu na zile 48 zinazotarajiwa. Usiku wa tarehe 18 Aprili, baada ya mvua iliyonyesha kwa saa mbili, nilipata 37. Simu imelala, hakuna anayeongea, lakini umeme unavuja. Unavujia wapi?

Kuna dalili nyingine iliyonifanya nicheke peke yangu. Jirani akinipigia na simu ikalia mara tatu nne, kuchemka kunapungua kwa muda, na nikiwahi kuunganisha napata hata dakika ishirini. Mafundi wa zamani wanaijua hii. Umeme wa kuliza kengele una nguvu kuliko ule wa kawaida, mara nyingi volti 70 hadi 90, nao ukipita kwenye kiungo kilicholiwa na kutu huitoboa ile kutu kidogo. Baadaye inajifunga tena. Kwa hiyo kuna kiungo kibovu mahali fulani kati ya ukuta wangu na mtambo wenu, na si lazima mtu awe amesoma sana ili akitafute. Mimi nilitembea tu kuufuata waya.

Kwenye nguzo ya pili kutoka kwangu kuna kasha lenu la nyaya. Mlango wake hauna kitasa. Umefungwa kwa kamba ya katani. Sikuufungua, mali si yangu, lakini ile nafasi iliyobaki inatosha kuchungulia kwa tochi. Niliona sisimizi wakipanda na kushuka. Niliona nyaya zimesokotwa kwa vidole na kuvalishwa mfuko wa rambo, na mfuko umetunga maji chini kama kibofu. Shaba ilikuwa imeota ule ukijani ambao sisi watu wa pwani tunaukuta kwenye kila kitu kinachoachwa kwenye upepo wa bahari. Simjui fundi aliyeufunga mfuko ule. Labda siku hiyo stoo haikuwa na kiungo halisi na alikuwa na wateja kumi wa kuwafikia.

Naomba unielewe kwa nini "sauti inasikika" hainitoshi. Tukiongea mimi na wewe, laini ikikwaruza, utaniambia rudia na nitarudia. Sikio la mtu linajaziliza lililopotea. Modemu inabana taarifa zake zote kwenye upenyo ule ule wa sauti, kati ya hezi 300 na 3400, na kila mkwaruzo unafuta kitu. Ikifuta vingi, modemu mbili husimama na kuanza kupatana upya kwa mwendo mdogo. Zikishindwa, zinakata. Nimefanya la kufanywa upande wangu: nimeizuia isizidi 33600, na nimeiandikia amri ya ATS10=50 ili inapompoteza mwenzake isubiri sekunde tano badala ya moja na nusu. Wasomaji wenye modemu kama yangu wajaribu, inasaidia kidogo. Lakini hiyo ni panadol.

Naishi kwa kutafsiri nyaraka. Faili ya kilobaiti 900 ikisafiri kama kiambatisho huvimba kwa theluthi moja, na laini ikiwa njema huchukua kama dakika sita kutoka. Barua pepe ikikatwa dakika ya tano haiendelei ilipoachia. Inaanza mwanzo kabisa. Usiku ule wa tarehe 18 nilipiga mara 11, na asubuhi nikaenda kulipia intaneti ya mtaani kutuma kazi iliyokuwa imeshachelewa. Na hizo mara 11, Ndugu Meneja, kila moja imehesabiwa upya kwenye ankara yangu, na kila ikianza inakula uniti yake ya kwanza. Kadiri laini inavyokuwa mbovu ndivyo ninavyowalipa zaidi. Sidhani kuna mtu aliyekaa akapanga iwe hivyo, ila ndivyo ilivyo.

Ninachoomba si mtambo mpya. Naomba fundi aje jioni, ndani ya saa chache baada ya mvua, na kifaa cha kupima uvujaji kati ya waya na waya, na kati ya kila waya na ardhi. Naomba kiungo kile kikatwe kifungwe upya kwa kifaa chake, au kama kuna jozi nyingine nzima ya nyaya ndani ya kebo ile, nihamishiwe huko. Naomba kasha lipate mlango. Na naomba mtu wa ankara aangalie simu zangu za kuanzia Machi zilizokwenda kwenye namba ya intaneti na kukatika kabla ya dakika kumi, aniambie mtazifanyaje. Daftari langu lina tarehe, saa, mwendo wa kuunganisha na muda wa kukatika. Nitalileta ukilihitaji, ila naomba lirudi.

Usimtume tena yule wa virusi. Yule aliyeniamkia aje, ana mikono mizuri, akionyeshwa pa kuangalia atafanya kazi. Leo mawingu yametanda upande wa Usambara, kwa hiyo mvua haiko mbali. Ngazi ninayo.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
mteja wenu wa Chumbageni