Si kila ukurasa unaogoma umegomeshwa na mtandao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowapotezea watu muda na nauli katika maduka ya stesheneri kama langu, lililopo Ngamiani hapa Tanga. Ukurasa wa tovuti ukigoma kufunguka, mteja huambiwa kwamba mtandao unasumbua, arudi kesho.

Wiki iliyopita alifika mama mmoja kutoka Pangani na mwanawe, waliotaka kujaza fomu ya maombi katika tovuti ya taasisi moja. Fomu ilionekana, lakini maandishi yalikuwa yamepandana na kitufe cha kuendelea hakikubonyezeka. Langu lilikuwa duka la pili. La kwanza walilipa wakaambiwa wasubiri. Nilifungua ukurasa uleule kwa simu yangu, kwa intaneti ileile ya dukani, nao ukafunguka bila taabu, ndipo nikajua kwamba kosa limo ndani ya kompyuta yangu mwenyewe.

Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kiwe Chrome au Firefox, huweka nakala za picha na faili za kila ukurasa kinaoufungua, yaani kache, ili siku nyingine kisizipakue upya, na kwa sisi tunaonunua bando hiyo ni nafuu kubwa. Taabu huja pale wenye tovuti wanapoibadilisha, kivinjari kikapokea ukurasa mpya huku kikiendelea kutumia faili za zamani ambazo haziendani nao. Nilibonyeza Ctrl na F5 ili ukurasa upakuliwe upya, haikusaidia. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja, kikafunguka kidirisha cha kufutia data ya kivinjari, nikachagua kipindi chote, nikaweka alama kwenye picha na faili zilizohifadhiwa peke yake, nikafuta. Kitufe kikabonyezeka.

Nasisitiza neno "peke yake" kwa sababu baadhi ya mafundi wenzangu hufuta kila kilichomo, pamoja na nywila na vidakuzi (vifaili ambavyo tovuti hutumia kumkumbuka mtu aliyekwisha kuingia), kisha mteja aliyeleta kompyuta yake hujikuta ametolewa kwenye barua pepe ambayo nywila yake aliiandika mara moja miaka mitatu iliyopita. Wapo hata wanaompigia Windows upya na kumtoza, kwa tatizo la dakika mbili!

Hata hivyo, mzigo huu si wa mafundi wala wateja peke yao. Mtengeneza tovuti akibadilisha faili anaweza kuipa jina jipya, kwa mfano kwa kuiongezea namba ya toleo, na kivinjari kitalazimika kuipakua kwa kuwa hakina nakala yenye jina hilo. Naziomba taasisi zetu ziwatake watengenezaji wao kufanya hivyo, na zikishindwa, basi zisibadilishe tovuti katikati ya msimu wa maombi, wakati watu wanapanda basi kutoka Pangani kuja kubonyeza kitufe kimoja.

Mwenye stesheneri,
Ngamiani, Tanga