Viwanja vya manispaa visiuzwe, na hesabu zifanywe kabla ya kumwita mwekezaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya viwanja vinavyomilikiwa na halmashauri za Dar es Salaam na ambavyo havitumiki ipasavyo: yadi zilizojaa magari mabovu, maghala yaliyofungwa miaka mingi, nyumba za kota zilizochakaa, vipande vilivyobaki kando ya masoko na vituo vya mabasi. Kila vikao vya bajeti vya madiwani vinapokaribia, hoja ni ileile: kiuzwe, au kiingizwe kwenye ubia, ili mapato yapande. Mimi nasema visiuzwe. Ardhi iliyo karibu na riziki ndiyo ruzuku pekee ambayo halmashauri inaweza kumpa mtu wa kipato cha chini bila kukopa hata senti moja, na ikishatoka mkononi hairudi.

Lakini ardhi peke yake haitoshi, na hapa ndipo miradi mingi inapodanganyika. Chukua kiwanja cha mita za mraba 4,000. Ukijenga asilimia 40 ya eneo lake, chini na ghorofa nne juu, bila lifti, unapata sakafu ya mita 8,000. Toa moja ya tano kwa ngazi, korido na kuta, zinabaki 6,400, yaani nyumba 160 za mita 40 kila moja: chumba, sebule, jiko na choo cha ndani. Tukadirie nyumba moja inagharimu shilingi milioni 50 kuijenga, na sehemu yake ya ardhi ingeuzwa milioni 10. Kwa mkopo wa riba ya asilimia 15 kwa miaka 25, mwenye kulipia milioni 60 atarejesha kama 768,000 kwa mwezi. Akisamehewa ardhi, atarejesha 640,000. Nafuu ipo, lakini kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma ni 500,000 tangu Julai 2025. Nyumba hiyohiyo ikilipwa bila riba kwa miaka 25 ni kama 167,000 kwa mwezi, theluthi ya mshahara huo. Kwa hiyo kinachomshinda mpangaji wetu si ukuta wala kiwanja, ni riba. Diwani atakayepigania ardhi bure na kuacha fedha zitoke benki kwa bei ya kawaida atazindua nyumba ambazo walengwa watazitazama tu kutoka barabarani.

Njia mojawapo ya kuupunguza mzigo wa riba hiyo iko palepale chini ya jengo. Sehemu inayotazama barabara iwe fremu za maduka, na kodi ya fremu hizo iandikwe kwenye mkataba kwamba inalipia mkopo wa jengo, isimezwe na mapato ya jumla ya halmashauri. Nyumba zenyewe zikabidhiwe zikiwa na milango, madirisha, maji, umeme na choo kinachofanya kazi, bila vigae wala dari ya mapambo, mwenyewe atamalizia. Kule Chamazi, ambako vikundi vya kuweka akiba vilinunua ekari 30 kwa ajili ya familia zilizoondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, nyumba zilianza ndogo zikawa zinaongezwa kadiri mtu alivyopata. Ghorofa haiongezeki hivyo, ila umaliziaji wa ndani unaweza kusubiri.

Magomeni Kota inatufundisha mengi. Familia 644 zilihamishwa ili kota za zamani zijengwe upya, zikakaa takriban miaka kumi zikisubiri, na nyumba zikazinduliwa Machi 2022 kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 50. Gawanya: si chini ya milioni 77 kwa kila nyumba. Jambo jema lililofanyika pale ni kwamba waliohamishwa walitambuliwa kwa idadi na wakarudi katika eneo lilelile. Jambo la kuepuka ni kubomoa kabla fedha ya kujengea haijawa mezani. Kota isiguswe mpaka mkandarasi awe na malipo ya awali na kila mpangaji awe na karatasi iliyosainiwa inayotaja namba ya nyumba atakayorudia.

Kuhusu uteuzi wa viwanja, halmashauri iandae daftari na kulibandika kwenye ofisi za kata. Kila kiwanja kionyeshe namba ya kitalu, ukubwa, hati iko kwa jina la nani, mchoro wa mipango miji unasema ni cha matumizi gani, na nani yuko juu yake sasa. Viwanja vya michezo, maeneo ya wazi na hifadhi za barabara visiingie kabisa; mji wetu umeshapoteza vya kutosha. Vilivyo ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ufukweni vinakatazwa na Sheria ya Mazingira ya 2004, hata kama wakati wa kiangazi vinaonekana vikavu. Penye wafanyabiashara wadogo, orodha yao na fidia vimalizwe kabla ya tangazo la zabuni. Na afisa aende na mpima kutazama vigingi, kwa sababu jirani aliyesogeza ukuta mita tatu anaweza kuusimamisha mradi mahakamani kwa miaka.

Umbali nao ni gharama. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, upande wa Bunju. Viwanja vilikuwa halali na salama, lakini kibarua kilikuwa Kariakoo. Wapo waliouza na kurudi bondeni. Mama lishe anayewasha moto saa kumi alfajiri hawezi kuishi mahali ambapo daladala ya kwanza inamfikisha mjini saa moja.

Sasa maji, jambo ambalo kwenye michoro huchorwa kama mstari mmoja wa bluu. Nyumba 160 zenye watu wanne kila moja ni watu 640. Kwa lita 80 kila mtu, ni lita 51,200 kwa siku. Mgao ukiwa wa siku mbili, unahitaji tangi la chini la lita 100,000, na matangi ya juu ya paa. Tangi la lita 10,000 likijaa lina uzito wa tani 10, hivyo mhandisi alijue tangu kwenye msingi, lisije likawekwa baadaye juu ya sakafu isiyoandaliwa. Kisha ipo pampu. Maji yakikatika usiku na hakuna swichi ya boya ndani ya tangi la chini ya kuizima pampu maji yakipungua, pampu inavuta hewa, inaungua, na asubuhi watoto wanapandisha madumu ya lita 20 hadi ghorofa ya nne. Hakuna mfuko wa matengenezo, hivyo hakuna wa kununua nyingine, na vyoo vinaanza kunuka wiki hiyohiyo. Umeme wa kupandisha maji hayo yote ni kama yuniti sita kwa siku, ambazo hazifiki shilingi elfu tatu. Kwa kaya 160 hiyo haifiki shilingi 20 kila moja. Umeme si mzigo. Kinachokosekana ni mtu wa kukusanya na akaunti ya kuhifadhi. Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inatoa nafasi ya kuwa na chama cha wenye sehemu. Kiundwe kabla ya funguo kutolewa, kikiwa na akiba ya pampu ya pili.

Majitaka ni hivyohivyo. Asilimia 80 ya maji hayo hurudi: lita 41,000 kwa siku. Ardhi ikiwa na maji ya juu, shimo halinyonyi, na gari la lita 10,000 litatakiwa kuja mara nne kila siku. Kiwanja kisichoweza kufikia bomba la majitaka la DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, kijengewe mtambo wake wa kusafisha, au kisijengewe ghorofa.

La mwisho ni wasio na pa kulala kabisa, wanaolala barazani mwa maduka na kwenye stendi. Hawa hawanunui nyumba. Watengewe nyumba 16 kati ya hizo 160, za kupanga tu, zisiuzwe kamwe, na kodi ilipwe kwa wiki kupitia simu, bila miezi sita mbele wala mwezi mmoja wa dalali. Wazee na wenye ulemavu wakae chini. Na fomu ibadilishwe: ikidai barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa pamoja na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, mtu anayelala stendi ameshaondolewa kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa, kwa kuwa hana mtaa wa kumwandikia. Afisa ustawi wa jamii wa kata anaweza kumthibitisha, na NIDA ifuatiliwe akiwa tayari ndani.

Naomba wakurugenzi wa halmashauri zote tano walibandike daftari hilo kabla madiwani hawajaketi kupitisha bajeti, ili mwananchi alisome kwanza na kusema ni kiwanja kipi kimeachwa nje.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam