Barua ya wazi kwa wanachuo wa Moshi: swali kwanza, dodoso baadaye

Wanangu,

Hamjambo? Kila mwaka, wiki mbili hivi kabla ya kukusanya kazi, kuna kijana anabisha hodi kwangu na dodoso la kurasa sita. Nikimuuliza anatafiti nini, ananijibu: "Mchango wa kahawa katika maendeleo ya Kilimanjaro."

Hiyo ni kazi ya miaka kumi, mwanangu, muhula mmoja hautoshi. Wakulima wa kahawa wa mlima huu walianzisha chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao. Wewe utaanzia wapi, na utaishia wapi?

Punguzeni. Chukueni kijiji kimoja na jambo moja. Kwa mfano: kwa nini kaya za kitongoji chetu ziling'oa mibuni? Swali la namna hiyo lenyewe litakuonyesha wa kumwona, la kumuuliza, na daftari gani la chama cha msingi cha ushirika kijijini uombe kusoma. Ukishalipata swali ndipo uandike dodoso, ulijaribishe kwa watu watatu kabla ya kulitoa nakala.

Nilipokuwa chuoni nilizunguka kwa miguu vihamba 40, yaani mashamba ya familia yanayozunguka nyumba. Niliporudi na kuzipanga karatasi zangu, nikaona sikumuuliza hata mmoja alianza kulima mwaka gani. Muda wa kurudi sikuwa nao. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana nawaandikia.

Tazameni pia majira. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za vihambani ni tope na utelezi. Wakati wa kuchuma kahawa mzee hana saa nzima ya kukaa na wewe. Mfuate jioni, au chuma naye huku mkizungumza. Desemba ndiyo naipenda kuliko miezi yote. Watoto wetu wanapanda kutoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula Krismasi nyumbani, na kama unataka kujua kwa nini kijana hakukitaka kihamba cha baba yake, utawakuta wote wawili. Wasikilize kila mmoja peke yake, maana mbele ya baba kijana hatasema yote.

Barua ya utambulisho iombeni chuoni mapema, mtendaji wa kijiji ataihitaji. Mzee akizama kwenye habari za shamba anaweza kuhamia Kivunjo au Kirombo, lugha za Wachaga wa huku, kwa hiyo awepo mtu wa pale wa kuwatafsiria. Msirekodi sauti ya mtu kabla hajakubali. Na kitabu mnachosoma maktabani, andikeni jina, mwaka na ukurasa hapo hapo.

Kazi ikishasahihishwa, nakala moja ipelekeni kijijini. Jirani yangu mmoja, mzee sana sasa, amehojiwa na wanachuo mara nne. Bado ananiuliza waliandika nini.

Mwalimu wenu mstaafu,
Moshi