Brashi ya mrija wa nyongo ilitudanganya, nanyi mmeitetea

Ndugu Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka kumi na minane sasa na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Makala yenu ya juma lililopita kuhusu mrija wa nyongo uliobanwa ndiyo imenishinda kunyamazia. Eti mgonjwa akishasuguliwa brashi ndani ya mrija, majibu yakarudi hayana seli za saratani, basi alale usingizi.

Kaka yangu alilala. Yeye alianza kwa macho ya manjano na mkojo mweusi kama chai iliyolala, kisha ukaja muwasho uliomfanya ajisugue mgongo kwenye mwimo wa mlango mpaka rangi ya mbao ikachubuka. Wakampitishia kamera mdomoni, wakaingiza kibrashi kama cha kusafishia chupa ya mtoto, wakasugua pale palipobana, wakaacha stenti, kibomba kidogo cha kuuweka mrija wazi, ili nyongo ipite. Siku ya majibu nilikuwa naye. Daktari aliisoma karatasi akiwa wima, mkono mmoja kwenye kitasa: "Seli za saratani hazikuonekana." Sisi tukasikia "hazipo", tukaanza kupiga simu kwa ndugu. Miezi minne baadaye stenti ikaziba, homa ikapanda, akawa anatetemeka hadi kitanda kinalia. Safari hii kamera nyembamba iliingizwa ndani ya mrija wenyewe na koleo likamega vipande huku daktari akiona anachomega. Saratani. Ilikuwa imekwisha kuzingira mishipa ya damu, upasuaji haukuwezekana tena. Hakuna aliyekuwa ametuambia kwamba brashi peke yake, tafiti zikijumlishwa, hunasa takriban asilimia 45 tu ya saratani hizi, na kwamba hata ikiongezewa koleo linaloongozwa kwa eksirei, zote mbili hufika kama asilimia 59! Uvimbe wenyewe ni nyuzi ngumu nyingi na seli chache, tena hupenda kutambaa chini ya utando wa mrija, ambako brashi haifiki. Brashi ikisema saratani ipo, ni nadra kukosea. Ikinyamaza, imenyamaza tu.

Mmesifu pia kipimo cha damu cha CA 19-9, kemikali inayopimwa kama dalili ya saratani. Hiyo hupanda hata nyongo ikizibwa na jiwe, na wapo watu ambao miili yao haiitengenezi kabisa. Sindano ya kunyonya seli kutoka kwenye uvimbe mmeipendekeza kwa kila mtu kama dawa ya mafua, ilhali uvimbe ukiwa pale mirija inapotokea kwenye ini, na mgonjwa anatarajiwa kupandikizwa ini jingine, kuuchoma sindano kunaweza kutawanya seli na kumfungia mlango huo. Na wale wenye ugonjwa wa IgG4, unaobana mrija kwa sura ileile ya saratani na kumbe hutulizwa na vidonge vya steroidi, hamkuwataja. Kuna waliokatwa ini kwa sababu hiyo. Kuhusu stenti kuwekwa kabla ya picha za skani sisemi mengi: mrija huvimba, picha huchafuka, seli zisizo na kosa zikaanza kutiliwa shaka.

Halafu zile bahasha! Zimegundishwa, zimeandikwa "Siri", mgonjwa anazibeba kutoka maabara hadi kwa daktari na haruhusiwi kuzifungua. Siri ya nani, kama ini ni lake?

Pendekezo langu ni muhuri. Uwe wa wino mwekundu, upana wa kiganja, na ugongwe juu ya kila majibu ya namna hii: HATUKUONA, HATUJASEMA HAIPO. Chini yake iachwe nafasi ya kuandika kipimo kinachofuata na tarehe yake. Mpaka nafasi hiyo ijazwe, daktari asiguse kitasa.

Msomaji wenu wa siku nyingi