Kwa Kadzo, kuhusu sura ya sita

Mombasa, Jumapili usiku

Kadzo dadangu,

Salamu nyingi kutoka Kisauni. Huku sote wazima, mama anauliza utakuja lini kula mahamri. Mswada wako niliusoma Ijumaa, nikaurudia jana, na nimeshindwa kungoja mpaka tuonane.

Kwanza, nakuomba usiuache. Huyo aliyekwambia hadithi za mizuka ni mambo ya kitoto amekukosea sana. Pale Nyevu, mhusika wako mkuu, anaposikia mtu akikohoa ndani ya jiko lililofungwa kwa kufuli, mara moja tu, kikohozi cha mzee anayesafisha koo kabla ya kusema neno, niliinuka nikaenda kutazama komeo la mlango wangu.

Nikuambie nilichokuwa nikisoma mwezi huu wote: vitabu vitano vya Jonathan Stroud, Lockwood & Co., cha kwanza cha 2013, cha mwisho cha 2017. (Netflix waliitengenezea tamthilia mwaka 2023, vipindi vinane, kisha wakaikatiza. Bado inaniuma.) Humo Uingereza imesumbuliwa na mizuka zaidi ya miaka hamsini, na wanaoweza kuiona na kuisikia vizuri ni watoto na vijana tu. Ukishakua, kipawa kinafifia. Kwa hiyo jua likizama wakubwa wanajifungia ndani, na vijana ndio wanaotumwa gizani na panga zao nyembamba, minyororo ya chuma na chumvi.

Mapambano ni matamu, lakini aliyenishika ni Lucy, msichana anayesimulia. Kabla hajafika London alitumwa na wenzake usiku kwenye jengo moja la kinu cha kusagia, na msimamizi wao, mtu mzima, akabaki nje kwa woga. Lucy alihisi hatari, ila hakuwa na hakika, wakaingia. Akatoka peke yake. Tangu hapo, kila anaposita mbele ya mlango, unajua kwa nini anasita.

Sasa turudi kwako. Sura ya sita anaingia mganga, anafukiza ubani, mzuka unaondoka, basi. Nilisikitika, Kadzo. Nyevu amekesha siku tatu na wenzake, ameogopa, amelia, halafu anawekwa kando kama mtoto aliyetumwa maji kisimani. Mtoe huyo mganga. Au mwache aje, akae jikoni usiku kucha, asisikie kitu, na Nyevu amesimama karibu naye anasikia.

Kuna jambo jingine kwa Stroud ambalo wewe unalo tayari na umelipita mbio. Kwake kila mzuka umeshikamana na chanzo: mfupa, mkufu, kitu chochote. Wawindaji wanapeleleza nani alikufa hapa na anadai nini, wakifuata chanzo hicho. Sasa fungua ukurasa wako wa tisa: "kigango cha babu kiliibwa mwaka ule wa njaa." Sentensi moja, hukuirudia tena! Na ni wewe uliyenifundisha habari za vigango, zile nguzo za kuwakumbuka wazee waliokufa: ule mti mgumu, uso wa duara, pembetatu zilizochongwa mwilini. Kwamba anachongewa mzee wa gohu, kile chama cha wazee wa Kigiriama, baada ya koma yake, yaani roho yake, kumjia mtu ndotoni ikidai. Kwamba hakihamishwi hata watu wa boma wakihama. Wewe uliyenisimulia jinsi vilivyoibwa vingi, vikauzwa, vikafika mpaka makumbusho ya Marekani, na vichache tu vikarudishwa.

Kumbe anayekohoa ni babu. Anataka kusema neno na hakuna anayenyamaza amsikie.

Na hapa ndipo hadithi yako inapoachana na ile ya London. Kule chanzo kikipatikana kinafungiwa ndani ya fedha au chuma, kisha kinapelekwa tanuruni kuchomwa. Chako hakichomwi. Kinatafutwa, kinarudishwa, kinasimamishwa pale pale kilipong'olewa. Vijana watatu wa kidato cha pili, bila nauli, wanatafuta kigango kilichopita mikononi mwa wachuuzi miaka mingi iliyopita! Hiyo nitaisoma mpaka alfajiri.

Nina wazo, likatae ukitaka: aliyekiuza ni wa nyumba ile ile. Nadhani ni baba mdogo wa Nyevu, yule anayemwambia kila mara kwamba hakuna sauti yoyote jikoni. Usimfanye mtu mbaya. Kulikuwa na njaa, na watoto wake walikuwa wadogo. Lakini yeye anajua kufuli ya jiko aliitia nani, na kwa nini.

Karatasi zako nitampa yule dereva wa matatu ya Kaloleni kesho asubuhi. Nimetia alama ya penseli kila mahali nilipoogopa. Alama zinakoma ukurasa wa thelathini na moja, mganga anapobisha hodi. Anzia hapo.

Nisalimie mama yako na wadogo zako.

Wako akupendaye,
Mwanaisha