Barua ya wazi kwa mwakilishi wetu wa wadi: damu ya kichinjio imeingia ndani ya nyumba

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Mimi ni mpiga kura wako, mama mboga, naishi kando ya Mto Ngong hapa Nairobi, chini ya kile kichinjio cha kuku unachokijua. Usiku wa Jumapili mvua iliponyesha, mtaro ulifurika, maji yakaingia ndani. Nilipowasha taa niliona povu jekundu, manyoya yamenata kwenye miguu ya kitanda, na matumbo ya kuku yakielea kando ya sufuria niliyoloweka maharagwe. Kitinda mimba wangu anaharisha tangu Jumatatu.

Ulipokuja kuomba kura ulisimama pale stejini ukaahidi kwamba lile bomba linalomwaga uchafu wa kichinjio litafungwa kabla mwaka haujaisha. Tulikupigia makofi. Mwaka uliisha, mwingine ukaingia, na kila giza likianza kutanda wenye kichinjio wanalifungulia, kwa kuwa wanajua saa hizo hakuna afisa atakayepita.

Tunaambiwa hii ni nyama ya bei rahisi, inalisha jiji. Rahisi kwa nani? Kuku wa gredi, wale wa kisasa wa nyama, huchinjwa akiwa na wiki tano au sita tu, amenenepeshwa mbiombio hadi wengine miguu inashindwa kuwabeba. Wakisongamana kwa maelfu chini ya paa moja, ugonjwa huenea upesi, ndiyo maana wafugaji wengi huwatilia antibiotiki kwenye maji. Vijidudu vikizoea dawa hizo, binadamu akiugua hazimsaidii. Nashuku ndiyo sababu dawa aliyopewa mwanangu haijamshika. Mimi si daktari, lakini nani amewahi kuyapima maji haya akanionyesha kwamba nakosea? Na vijana wetu wanaofanya kibarua mle kichinjioni wanasimama kwenye damu kutwa nzima, bila gambuti.

Sheria ipo, Mheshimiwa. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kumwaga majitaka mtoni bila leseni na bila kuyasafisha. Tena uchafu huu hauishii kwetu. Mto Ngong unaingia Mto Nairobi, unaingia Athi, unapita Ukambani ambako watu wanachota na kunywesha mifugo, mpaka unaitwa Sabaki na kumwagika baharini karibu na Malindi.

Siombi kichinjio kifungwe. Majirani zangu wanalisha watoto kwa kibarua kile. Naomba bomba tu. Njoo jioni, usije asubuhi, uje na mtu wa kupima maji, atusomee matokeo sote tukisikia. Kisha bomba lifungwe mpaka wajenge mtambo wa kusafisha majitaka. Uliahidi mwenyewe, kwa kinywa chako. Bomba, Mheshimiwa. Lifunge kabla mvua nyingine haijanyesha.

Wako,
Mama mboga wa kando ya mto