Pingili sijaleta

Oakland, California, 22 Septemba 2024

Ndugu yangu Nehemia,

Mbukwenyi wote hapo Mpunguzi. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie dua zake zimefika, nimerudi mzima.

Nianze na litakalokuudhi ili tulimalize: zile pingili za mzabibu ulizoniagiza sijaleta, na sitaleta. Usinune kwanza. Nitakueleza tukifika kwenye mashamba, maana kabla ya zabibu kulikuwa na miti, na hiyo miti nisipoisema nitapasuka.

Tulikuwa wanne: mimi, Baraka unayemjua, Mwanakheri wa Mombasa, na Bahati, Mkongo wa Bukavu. Usukani alishika Mwanakheri safari nzima, kwa kuwa mvinyo hagusi, na sisi wengine tulijijua. Tuliondoka Alhamisi alfajiri, tukaishika barabara ya 101 kwenda kaskazini. Saa za mwanzo hazina hadithi, ni vilima vya nyasi kavu tu, ungedhani uko Kongwa mwezi wa tisa.

Pale Leggett kuna mti uliotobolewa tundu kwenye shina miaka ya 1930 ili magari yapite katikati, na mpaka leo uko hai. Unalipa, unapita, unapiga picha. Tundu lina upana wa mita 1.8 hivi, kwa hiyo Mwanakheri alikunja vioo, akasema bismillahi, tukapenya. Wenzangu walipiga makofi. Mimi sikufurahi. Niliona kama tumepita ndani ya kidonda cha mtu.

Huko mbele ndiko kwenye mambo. Kuna barabara ya zamani ya kama kilomita 50 inayokwenda sambamba na ile kubwa, inaitwa Avenue of the Giants, na pande zote mbili ni miti mirefu iitwayo redwood. Ukiingia tu, mchana unakuwa jioni. Simu zilikata mtandao, redio ikakwaruza ikanyamaza, na sisi tukanyamaza nayo. Bahati ndiye aliyevunja ukimya: "Mama weee! Hii ni muti ao ni gorofa?" Mbuyu wetu wa njia panda, ule tunaojisifia kwa wageni, kwa unene unaweza kusogea karibu na hii, lakini kwa urefu ungeonekana kichaka. Mrefu kuliko yote duniani umo kwenye hifadhi iliyo kaskazini zaidi, umepita mita 115, na kwenda kuutafuta ni marufuku. Watu walikuwa wanakanyaga mizizi yake kwa kutaka picha.

Lakini mti uliobaki kichwani mwangu ni ule uliolala. Unaitwa Dyerville Giant. Ulianguka Machi 1991 ukiwa na urefu wa mita 110 hivi, na haukuondolewa. Nilianza kutembea kwenye kitako chake nikihesabu hatua, nikapitiwa na hesabu baada ya 100 kwa sababu nilisimama kutazama mgongo wake: majani ya jamii ya kangaga yameota, kuvu, na miche myembamba ya miti mingine imejipandia juu yake. Mizizi iliyong'oka imesimama kama ukuta, inanizidi urefu mara mbili na zaidi. Na huwezi kuamini, mizizi ya redwood haiendi chini sana. Inatambaa kwa pembeni, ikishikana na ya jirani.

Halafu mbegu yake ni ndogo kama ya nyanya. Nilishika moja kiganjani, upepo ukaichukua kabla sijamwonyesha Baraka.

Asubuhi yake nilitoka chumbani nikakuta koti nililolianika limelowa chapachapa, na mvua huko ni nadra majira ya joto. Ni ukungu wa baharini. Unanaswa na majani huko juu, unadondoka chini matone, na miti inakunywa. Nikakumbuka unavyohangaika na ile pampu.

Siku ya pili tulishuka kwa barabara ya pwani. Kona zake sikuombei. Baraka alitapika mara mbili, na mara ya pili alisema tumwache hapohapo azikwe. Kisha tukaingia barabara ya 128, ambayo inapita tena msituni, giza kabisa, halafu ghafla msitu unakatika na mbele yako ni mizabibu, mistari hadi mlimani. Hilo ni bonde la Anderson. Kijiji chake, Boonville, zamani wenyewe walijitungia lugha yao ili wageni wasielewe, kama kile kinyume chetu cha shule ya msingi. Kikombe cha kahawa kwao ni "horn of zeese". Baraka alikunywa viwili ndipo rangi ikamrudia.

Napa hatukwenda. Tangu mwaka 1976, waonjaji wa Kifaransa walipoonjeshwa mjini Paris bila kuonyeshwa majina ya chupa na wakaipa mvinyo wa Napa nafasi ya kwanza, mweupe na mwekundu, bei za huko si za watu kama sisi. Tulikwenda bonde la Dry Creek. Hata hapo, dola 30 kwa mafunda matano! Na pembeni wameweka ndoo ya kutemea. Watu wanalipa, wanasukutua, wanatema. Nilimeza yote, na ya Baraka pia.

Shambani nilikuta mizabibu iliyopandwa kabla ya 1920. Haina waya wala nguzo. Kila mmoja umesimama peke yake, shina nene limejinyonganyonga kama mzee aliyeinua mikono, na vichala vipo. Mmoja wa vibarua, Mmeksiko, alinikatia kichala. Nyuki walikuwa wengi kama kwako wakati huu wa mavuno. Nilimwambia mmimina mvinyo kwamba Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, akadhani natania. Kwao mzabibu unalala majira ya baridi, unapukutika, wanavuna mara moja basi. Nilipomwambia kwamba wewe mchuzi wa zabibu unauuza kwa lita, akataka kujua bei. Niliona aibu kuitaja.

Sasa pingili. Kuna kidudu, jamii ya vidukari, kinaitwa filoksera, kinafyonza mizizi mpaka mzabibu unakufa. Kiliwahi kuteketeza mashamba ya Ulaya karne ya 19, na miaka ya 1980 kikarudi kuwang'olesha mizabibu hata hawa wa huku, pamoja na utaalamu wao wote. Kinasafiri kwenye vijiti kama hivyo ulivyotaka nifiche kwenye begi. Kukamatwa uwanja wa ndege bila cheti cha afya ya mimea ningevumilia. Lakini nisikamatwe, kisha mwaka wa pili nisikie majani yameanza kunyauka kwako, kwa jirani, na Hombolo yote?

Badala yake nimekununulia mkasi wa kupogolea, mpini mwekundu, springi yake laini kama ya kalamu. Analeta dada yake Baraka, anatua mwezi ujao. Usikatie waya. Na Daudi akija kuuazima, mwambie ni wangu nimekuachia unitunzie tu. Ule wa kwanza tunajua ulikoishia.

Wako,
Eliya